Uvimbe wa Matiti kwa Mbwa na Paka: Je, Virusi Vinahusika?

Mbwa wa Kasesya hafugwi kwa urembo. Hulinda nyumba usiku, huandamana na mchungaji, hufukuza ngedere na nguruwe pori mahindi yanapokomaa. Paka naye ana kazi yake ghalani, penye mahindi, maharage na ulezi. Mnyama wa namna hiyo huishi na watu kwa miaka minane, kumi au zaidi, watoto wakimshika na kumlisha. Kwa hiyo mbwa jike anapoota donge chini ya tumbo, kando ya chuchu, swali la kwanza la wenye nyumba aghalabu si kama mnyama atapona. Ni kama donge hilo linaambukiza, kama linaweza kumpata mtoto anayecheza naye au mama anayenyonyesha. Mwenye hofu hiyo humfukuza mnyama akageuka mbwa koko, au humwua kwa sumu, na mara nyingi hufanya hivyo kabla mtaalamu hajamwona.

Jibu fupi ni kwamba hakuna ushahidi kuwa saratani ya matiti ya mbwa au paka huambukiza binadamu. Hata hivyo, swali lenyewe si la kudharauliwa. Watafiti wamelichunguza kwa zaidi ya miaka themanini, na sehemu moja kubwa ya uchunguzi wa virusi na saratani ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Donge lenyewe

Mbwa jike kwa kawaida ana tezi za maziwa jozi tano, paka jozi nne, zikipangana kutoka kifuani hadi kinenani. Uvimbe unaweza kuota kwenye tezi yoyote, lakini kwa mbwa huonekana zaidi katika jozi mbili za nyuma, ambazo ndizo kubwa. Humpata mnyama aliyekwisha kukomaa. Wengi huwa wamepita miaka sita. Huanza kama punje ya harage chini ya ngozi, ngumu, isiyouma, na ndiyo sababu hupuuzwa.

Kwa mbwa, takribani nusu ya vimbe hivyo si saratani. Hukua pole pole na hubaki pale pale. Nusu nyingine ni saratani halisi, ambayo huweza kusafiri kupitia mitoki ya kwapani au ya kinena hadi kwenye mapafu. Kwa paka hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa vimbe vinane kati ya kumi, au zaidi, huwa ni saratani. Kwa macho na vidole peke yake hata daktari wa wanyama hawezi kusema kwa yakini donge fulani ni la aina gani. Ni lazima kipande cha nyama yake kitazamwe kwa hadubini.

Si kila uvimbe wa titi ni donge la aina hiyo. Mbwa aliyezaa majuma machache yaliyopita, ambaye titi lake limekuwa jekundu, lina joto na linatoa usaha, huenda ana ugonjwa wa kuvimba titi unaoletwa na bakteria, sawa na ule wanaoujua wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Huo hutibiwa kwa dawa. Lakini iko saratani moja kali inayojifanya kuwa ugonjwa huo, hivyo titi lisilopona baada ya dawa lisiachwe.

Panya na maziwa ya mama

Mnamo 1911 Peyton Rous, mtafiti wa New York, alichukua uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja hadi zisibaki seli wala bakteria, kisha akawadunga kuku wengine maji yaliyochujika. Nao wakaota vimbe. Kilichopita kwenye chujio kilikuwa kirusi. Wengi hawakumwamini, na tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1966, miaka 55 baadaye.

Habari ya matiti ilianza na panya wa maabara. Katika maabara ya Bar Harbor, Marekani, walikuwapo panya wa ukoo ambao karibu kila jike lilipata saratani ya matiti, na wa ukoo mwingine ambao ugonjwa huo ulikuwa nadra. Watu walidhani ni urithi wa damu. John Bittner akawachukua watoto wa ukoo wenye ugonjwa mara tu walipozaliwa, akawapa mama wa ukoo wenye afya wawanyonyeshe. Katika taarifa yake ya 1936 alionyesha kwamba saratani kwa watoto hao ilipungua sana. Kilichoirithisha, basi, kilikuwamo ndani ya maziwa. Baadaye kilitambuliwa kuwa ni kirusi.

Namna kinavyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa maana ndiyo msingi wa yote yanayosemwa juu ya mbwa na paka. Mtoto wa panya humeza kirusi pamoja na maziwa. Utumboni kirusi huingia katika seli za kinga, nazo hukibeba hadi kwenye tezi za maziwa, ambako hutulia. Panya anapopevuka na kubeba mimba, homoni zile zile zinazokuza matiti hukiamsha kirusi, kikaanza kuzaliana. Kirusi hiki ni cha kundi linalojiandika ndani ya vinasaba vya seli. VVU navyo ni vya kundi hilo pana, ingawa ni virusi vingine kabisa. Mara nyingi maandishi hayo huangukia mahali pasipo na madhara. Lakini yakiangukia jirani na jeni inayoiamuru seli igawanyike, jeni hiyo hubaki imewashwa bila kuzimwa. Seli huanza kuongezeka pasipo mpango, na baada ya miezi donge huonekana.

Mama wa Kasesya asisome habari hii ya panya akaogopa kunyonyesha. Kwa binadamu mambo ni kinyume. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliotolewa mwaka 2002, uligundua kwamba hatari ya saratani ya matiti kwa mama hupungua kwa takribani asilimia 4 kwa kila miezi kumi na miwili ya kunyonyesha.

Funzo la Mulago

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Kiairishi aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aitwaye Denis Burkitt, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akaona mwingine. Akaanza kupekua kumbukumbu na kuandikia hospitali za mbali, na mwaka uliofuata akachapisha taarifa juu ya saratani hiyo ya watoto, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari la mitumba wakafunga safari ya wiki kumi, maili 10,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakipitia Tanganyika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama ugonjwa huo unaonekana. Waligundua kwamba una mipaka. Karibu na ikweta haukupatikana kwenye maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri mtu alivyoelekea kusini mpaka huo ulishuka. Ulifuata joto na mvua. Kwa kipimo hicho, uwanda wa Ufipa unaangukia upande wa baridi, na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ulio kwenye mita 770 hivi, unaangukia upande wa joto. Ugonjwa unaofuata hali ya hewa kiasi hicho ulimfanya Burkitt afikirie mbu, na pengine kirusi.

Huko London mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa amesikia mhadhara wa Burkitt, aliomba vipande vya vimbe viwe vinapelekwa kwake kwa ndege. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda kutua Manchester, na mzigo ukachelewa kufika. Maji ya kuhifadhia yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa kwamba bakteria wameyaharibu. Kumbe ukungu ule ndani ya chupa ulikuwa seli hai zilizobanduka kwenye uvimbe. Kutokana na seli hizo, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walioteshea seli nyingine maabara, na mwaka 1964 wakaona kirusi kwa hadubini ya elektroni. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Jambo la kuzingatia lilikuja baadaye. Ilionekana kwamba zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani hubeba kirusi hicho, na walio wengi kabisa hawapati saratani yoyote kwa ajili yake. Ugonjwa wa taya uliwapata watoto wa sehemu zile ambako malaria hupiga mwaka mzima. Malaria huisumbua kinga ya mtoto na kuzichochea seli ambamo kirusi kimejificha, na hapo ndipo makosa ya kugawanyika kwa seli hutokea. Kirusi peke yake hakikutosha. Yeyote anayedai kwamba kirusi fulani "kinaleta saratani" hana budi kuulizwa: kikishirikiana na nini, na katika mwili wa namna gani?

Yaliyoonekana kwa mbwa na paka

Kwa kuwa panya, mbwa, paka na watu hukaa chini ya paa moja, baadhi ya watafiti walijiuliza kama kirusi cha panya kingeweza kuhama. Tangu 1995 zimechapishwa taarifa za kupatikana kwa vipande vya vinasaba vinavyofanana na vya kirusi hicho katika sehemu ya saratani za matiti za wanawake. Maabara nyingine zilizotafuta hazikuviona. Baadaye vipande vya namna hiyo viliripotiwa katika baadhi ya vimbe vya matiti vya mbwa na paka. Dhana iliyopendekezwa ni rahisi kuielewa: paka hula panya, mbwa hulamba alichokula paka, na panya hukojoa juu ya nafaka ya wote.

Dhana kueleweka kirahisi hakuifanyi kuwa kweli. Kipande cha vinasaba ndani ya donge kinaweza kuwa kisababishi, kinaweza kuwa mpita njia, na kinaweza kuwa uchafu ulioingia maabara. Hili la mwisho si kisingizio. Mwaka 2006 kilitangazwa kirusi kipya kilichodaiwa kupatikana katika saratani ya tezi dume. Mwaka 2009 kikahusishwa pia na ugonjwa wa uchovu wa kudumu, wagonjwa wakajawa na hofu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kilitokana na seli na vinasaba vya panya vilivyochafua vifaa vya maabara, na taarifa ya 2009 ikafutwa mwaka 2011.

Ili kirusi kihukumiwe kwa saratani ya matiti ya mbwa, ingepasa kionekane zaidi katika matiti yenye ugonjwa kuliko yaliyo salama, kionekane kikiwa kimejiandika ndani ya seli za donge lenyewe, kiwe kilikuwapo kabla ya donge, na mbwa waliokikosa wawe wanapona na ugonjwa huo. Hatua hizo hazijakamilishwa. Kwa paka kuna kirusi cha saratani ya damu, kilichogunduliwa Glasgow mwaka 1964, ambacho husambaa kwa mate kati ya paka na paka na hakika huwaua; lakini hicho hushambulia damu na mitoki, si matiti.

Lililo na uzito zaidi ni homoni. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 1969 ulilinganisha mbwa majike waliofungwa kizazi kwa upasuaji na wale ambao hawakufungwa. Waliofungwa kabla ya joto la kwanza walikuwa na hatari ya nusu ya asilimia moja tu ya ile ya wasiofungwa. Waliofungwa baada ya joto la kwanza, asilimia 8. Baada ya la pili, asilimia 26. Wahakiki walioupitia ushahidi huo mwaka 2012 walisema tafiti za namna hiyo ni chache na zina kasoro, kwa hiyo takwimu zenyewe zisishikwe kama sheria. Mwelekeo wake, hata hivyo, unaungwa mkono na yaliyoonekana kwa paka, ambao wakifungwa kabla ya miezi sita hatari hupungua kwa asilimia 91. Vilevile, sindano za homoni anazochomwa mbwa au paka ili asiingie joto huongeza vimbe vya matiti. Njia hiyo ni rahisi na ya bei nafuu, na ndiyo inayodhuru. Imani kwamba jike lazima azae mara moja kwanza ili awe na afya haina ushahidi.

Maambukizi yaliyo halisi

Iko saratani ya mbwa inayoambukiza kweli, na pengine ndiyo iliyozaa hofu iliyopo. Huota sehemu za siri za mbwa dume na jike, mara chache puani au mdomoni, ikiwa nyekundu kama ua la koliflawa na kutoa damu. Hupita wakati wa kupandana, au mbwa anaponusa na kulamba. Ajabu yake ni kwamba haina kirusi ndani yake: zinazohama ni seli za saratani zenyewe. Zilitoka kwa mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, nazo zimeendelea kuishi kwa kuruka kutoka mbwa hadi mbwa. Hazishiki kwa binadamu. Tena hutibika vizuri kwa sindano za dawa iitwayo vinkristini, zinazotolewa na daktari wa wanyama mara moja kwa wiki kwa majuma kadhaa. Mbwa mwenye ugonjwa huu afungwe asizurure hadi apone, hasa katika eneo la mpakani kama Kasesya, ambako mbwa wa upande huu na wa Zombe hawaulizani pasi.

Kirusi ambacho mwenye mbwa anapaswa kukiogopa ni cha kichaa cha mbwa. Hicho hupita kwa mate na jeraha la kung'atwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, kifo ni karibu hakika. Mbwa aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya donge la titi hukosa chanjo ya mwaka, hupigana na mbwa wengine, huzurura kwenye majalala. Kwa kuikimbia hatari isiyothibitishwa, kaya hujitengenezea hatari iliyothibitishwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende kituo cha afya siku ile ile.

Kwa upande wa saratani za watu, virusi viwili vimekwisha kuhukumiwa na chanjo zake zipo. Chanjo ya homa ya ini aina B wamo nayo watoto wachanga katika sindano zao za kawaida. Chanjo ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi anayehofia donge la mbwa wake ilhali binti yake hajachanjwa ameanzia mahali pasipo.

Kumkagua na kumtibu

Mbwa jike au paka jike aliyefikisha miaka mitano akaguliwe mara moja kwa mwezi. Alazwe chali au ubavu, mtu anayemzoea amshike kichwa, na mwingine apitishe vidole kwa upole kutoka titi la mbele hadi la nyuma, safu moja kisha ya pili. Punje yoyote ngumu ipimwe kwa rula. Kwa mbwa, donge lililo chini ya sentimeta 3, na kwa paka chini ya sentimeta 2, lina matumaini makubwa zaidi likiondolewa kuliko lililozidi hapo. Kusubiri hadi lipasuke na kunuka ni kuipoteza nafasi hiyo.

Tiba ni upasuaji chini ya nusukaputi, unaofanywa na daktari wa wanyama aliyesajiliwa. Kulichoma donge kwa chuma cha moto, kulikata kwa wembe au kulipaka tindikali ya betri hakuiondoi mizizi yake, huleta kidonda na mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Hapa kuna ugumu ambao haufai kufichwa: upasuaji wa mbwa haupatikani kila kata, na kumsafirisha mnyama hadi Sumbawanga ni gharama ambayo si kila kaya inaimudu. Njia inayopunguza mzigo ni wenye wanyama kadhaa kujiorodhesha pamoja kwa Afisa Mifugo wa kata, ili daktari akiitwa aje kwa safari moja, na siku hiyo hiyo wafungwe kizazi mbwa wachanga ambao hawajaingia joto. Kwa mnyama mzee ambaye saratani imefika mapafuni, anayekohoa na kukonda, daktari anaweza kumlaza kwa sindano pasipo maumivu.

Donge lililotolewa lisitupwe shimoni. Kipande chake, chenye unene usiozidi sentimeta moja, kikitiwa katika formalini iliyo mara kumi ya ujazo wake, kinaweza kusafiri siku nyingi bila kuharibika hadi maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kama vile vipande vya Mulago vilivyosafiri hadi London. Pamoja nacho yaandikwe umri wa mnyama, idadi ya mizao yake, kama aliwahi kuchomwa sindano ya kuzuia joto na lini, titi lililoathirika likihesabiwa kutoka mbele, kushoto au kulia, na tarehe ambayo donge lilionekana kwa mara ya kwanza. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na ni mwenye mbwa peke yake anayeweza kuijua.